Bodi Ambayo Sikuichora

Jumapili, baada ya alasiri. Mvua imenyesha tangu asubuhi na sasa imekatika. Ilala yote inanuka matope na maji ya mtaro. Kichwa kinaniuma, na najua si malaria.

Shajara, nina jambo la kusahihisha.

Jumatano niliandika hapa mtandaoni kwa herufi kubwa kwamba ule mchezo wetu wa mkononi umesifiwa mbele ya ukumbi mzima kule Posta, na kwamba nimepata kazi. Wasomaji wangu wachache mkaniandikia hongera. Mmoja akasema Bongo ina vichwa, tatizo havionekani. Maoni yale niliyasoma na kuyarudia kama mtu anayejiangalia kwenye kioo cha duka. Leo nikiyafungua natamani ardhi ipasuke.

Sitayafuta. Niliyoandika Jumatano yabaki palepale, ila atakayeyasoma asome na haya.

Bodi ile sikuichora mimi.

Nianze mbali kidogo, maana hata wewe sikukueleza yote. Mimi ni fundi. Nina meza Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, kwenye baraza ya duka la vitenge, natengeneza redio na simu. Kazi hii niliianza wakati redio ilikuwa mali ya nyumba nzima. Mtu anakuletea imeviringishwa kwenye kanga kama mtoto mgonjwa, na anakaa pembeni kusubiri usije ukambadilishia kifaa. Sasa soko limefunguliwa, makontena yanashuka kila siku, na redio mpya inapita kwenye mkokoteni hatua tano kutoka mezani kwangu. Mteja ananiuliza kama yake itapona, na kabla sijajibu namwona macho yameshakimbilia kwenye mkokoteni.

Fundi anayetazamwa hivyo mwaka baada ya mwaka anageuka mchungu. Sisemi hivyo kujitetea. Nasema tu nilikuwa nani Jumatano ile.

Hansa nilisoma naye chuo cha ufundi. Alikuwa msichana pekee darasani, binti wa Mzee Kanti mwenye duka la nyaya na swichi kule Kisutu. Tulikaa benchi moja kwa sababu hakuna aliyetaka kukaa naye, na mimi hakuna aliyetaka kukaa nami, kwa ubishi wangu. Chuo kilipokwisha mimi nikaenda Kariakoo na yeye akarudi nyuma ya kaunta ya baba yake, kupima waya kwa mita na kuelekeza watu balbu ipi inaingia wapi. Lakini hatukupotezana. Nikikwama na kifaa nampelekea. Akikwama ananipigia. Ukweli ni kwamba mimi ndiye niliyekwama mara nyingi.

Wazo la mchezo lilikuwa langu. Hilo halina ubishi, hata yeye atasema. Mezani kwangu nilikuwa na boksi zima la simu zilizokufa ambazo vioo vyake bado vizima. Nikamwambia, Hansa, hivi vioo vinaweza kuonyesha bao. Mtu akae kwenye foleni ya hospitali, au kibarazani, ashike kibao kidogo mkononi acheze bao na mashine, asihitaji mwenzake. Kitu chetu, kilichotengenezwa hapahapa. Hansa alicheka, halafu akachukua kalamu na kuniuliza betri itakaa upande gani.

Tukakiita Kete.

Tukagawana. Mimi nikaandika programu ya bao lenyewe, na usiombe: kuifundisha chipu ndogo kama ukucha kuhesabu kete na kuamua icheze shimo lipi, nilikonda. Nikatafuta vioo, nikachonga kasha kwa mbao za mninga, nikatengeneza vitufe kwa vifungo vya makoti ya mtumba. Bodi tukaanza kuichora wote wawili, yaani mimi nachora na yeye anakosoa. Kwa wasiojua, bodi ni kile kibao kilichopakwa shaba ambacho juu yake unachora njia za umeme, kutoka betri kwenda kwenye chipu, kutoka chipu kwenda kwenye kioo na spika. Unachapa mchoro wako kwenye karatasi ya gazeti la kung'aa, unaubandika kwenye shaba kwa pasi ya moto, kisha unatumbukiza kibao kwenye dawa inayokula shaba yote isipokuwa ile iliyofunikwa na wino. Vidole vinabaki vya kahawia juma zima. Mama alikuwa ananiuliza kama nimeanza kuvuta sigara.

Bodi yangu ya kwanza ilikataa. Ya pili ikawaka, mchezo ukaanza, lakini kila spika ilipolia, kioo kilitetemeka na mchezo ukaanza upya. Unaila mashine kete nane, spika inalia kwa furaha, na kete zote zinarudi mashimoni kama hujacheza. Nikalaumu betri. Nikabadilisha spika. Nikachora bodi ya tatu, ya nne, ya tano. Miezi minane, shajara. Miezi minane ugonjwa ni uleule.

Siku moja nilikuwa dukani kwao, nimeweka ile ya tano juu ya kaunta, nimekata tamaa kiasi kwamba nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia tuache. Hansa akaishika, akaigeuza kwenye mwanga, akafuata njia moja kwa ncha ya kalamu. Halafu akasema:

"Nassoro, kwetu ghorofa ya tatu, wa chini wakifungua bomba sisi tunapata upepo. Unajua kwa nini? Bomba ni moja. Spika yako na chipu vinarudi kwenye betri kwa njia moja, tena nyembamba. Spika ikilia, inakunywa yote. Chipu inabaki na upepo."

Basi. Kama mtu anayekuonyesha miwani uliyoivaa.

Akachora upya. Alikaa kwenye kompyuta ya dukani siku nne, katikati ya wateja, akahamisha kila kitu. Spika akaipa njia yake yenyewe mpaka kwenye betri. Chipu akaipa yake. Vitufe akavisogeza, njia zikapungua, bodi ikawa ndogo kuliko zangu zote na bado ilikuwa na nafasi ya kupumua. Nilipomaliza kuichomelea nikabonyeza swichi, spika ikalia, kioo kikatulia tuli. Hansa akapiga makofi kama mtoto, na Mzee Kanti akatoka nyuma kuuliza nani ameshinda.

Nilifurahi. Wallahi nilifurahi. Lakini chini ya furaha kulikuwa na kitu kingine, na leo ndiyo nakitaja kwa jina. Wivu. Yeye aliona kwa dakika chache, akiwa amesimama, kitu ambacho mimi sikukiona kwa miezi minane nikiwa nimekiinamia.

Na siku hiyohiyo, juu ya vikombe vya chai, Mzee Kanti alisema neno ambalo ndilo linalonirudia sasa. Yeye si mtu mbaya. Amezaliwa Dar, baba yake kazaliwa Dar, duka limepita kwenye miaka ya foleni za sukari na miaka hii ya makontena, na hofu yake ni kwamba binti yake anachezea umri. Mjomba wa Hansa ana duka Mwanza anataka mtu wa kulisimamia. Hansa alikuwa anaomba kile chumba cha nyuma, kinachojazwa maboksi matupu, awe na karakana yake, achore bodi, atengeneze vitu. Mzee Kanti akamwambia:

"Mimi sijui vitu hivi. Huyu Nassoro anakusifu, lakini ni rafiki yako. Niletee mtu mmoja tu, si rafiki, si ndugu, mtu anayejua kazi, aseme mwenyewe bila kuombwa kwamba mkono wako ni mzuri. Chumba nitakupa. Usipompata, mwezi ujao Mwanza."

Nilikuwepo. Kikombe kilikuwa mkononi mwangu.

Ndiyo maana tulikwenda kwenye yale maonyesho. Kampuni moja inayoleta simu na vifaa vya umeme kutoka nje ilikodi ukumbi Posta, ikawaalika mafundi na wabunifu walete walichonacho. Hansa alijaza fomu. Majina mawili, kwa mwandiko wake mzuri. Alivaa sketi ya kijivu na kubeba mkoba wenye betri za akiba. Mimi nilibeba Kete.

Mwenye kauli pale alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, Injinia Mlay, mkuu wa ufundi wa kampuni ile. Alipita meza kwa meza bila kutabasamu. Alipofika kwetu, mimi nilikuwa mbele, Hansa nyuma yangu anatafuta betri ndani ya mkoba. Injinia akachukua Kete, akacheza kidogo, akapandisha sauti mpaka mwisho. Hakusema kitu kuhusu bao langu. Wala kuhusu kasha la mninga. Akatoa bisibisi mfukoni mwake, akafungua mgongo, akainamia bodi muda mrefu kiasi kwamba watu wa meza za jirani wakasogea.

"Nani kapanga njia hizi?"

Nikasema, "Mimi."

Akaniangalia juu ya miwani. "Peke yako?"

Mlango wa pili wa kusema kweli huo. Mungu alinifungulia wa pili baada ya kuupita wa kwanza.

"Ndiyo," nikasema.

Akawageukia watu, akainua bodi. Akasema ameona bodi nyingi za kunakili, lakini hii mtu amekaa akaifikiria. Aliyepanga hivi anajua umeme unataka nini. Watu wakapiga makofi. Meneja mmoja akanishika bega, akaniambia nikaripoti Jumatatu, kuna nafasi. Nilicheka na kila mtu. Nilijisikia mrefu.

Nilipogeuka, Hansa alikuwa amesimama palepale. Hakulia wala hakunitukana. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeitwa jina, akaitika, kisha akagundua aliyeitwa ni mwingine. Akanyoosha mkoba.

"Betri zako hizi," akasema, na akatoka.

Zako. Tangu tujuane hakuna kitu chochote cha Kete kilichowahi kuitwa changu wala chake.

Nilirudi nyumbani nikamwambia Mama nimepata kazi. Akasema Alhamdulillahi, akatoka mlangoni kuwaambia majirani. Halafu nikakaa hapa nikaandika yale ya herufi kubwa. Nilikuwa najua ninachofanya. Nilidhani nikikiandika mara nyingi kitakuwa kweli.

Alhamisi nilikwenda Kisutu. Nilijiambia naenda kuongea naye. Nilikuta Mzee Kanti peke yake kwenye kaunta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Nassoro! Hongera, hongera sana! Hansa ametuambia umeshinda, umepata na kazi. Nimefurahi kama ni kijana wangu."

Akaniagizia chai. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Kisha akapunguza sauti, akasema Hansa jana alirudi akamwambia yuko tayari kwenda Mwanza. Amekubali mwenyewe, hakulazimishwa. Mzee alimwuliza kama kuna mtu aliyeangalia kazi yake, naye akajibu kwamba hakuna aliyemuuliza. "Labda ni vizuri hivi," Mzee Kanti akasema. "Amejaribu. Moyo wake umetulia."

Hansa hakunisema kwa baba yake. Alichukua aibu yangu, akaifunga vizuri, akaificha ndani ya neno moja la kweli. Hakuna aliyemuuliza.

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Mdomo ulikuwa wazi. Mteja akaingia kuulizia fyuzi, Mzee Kanti akageuka kumhudumia, na mimi nikanywa chai yangu haraka, ikaniunguza, nikaaga. Nilitembea kutoka Kisutu mpaka Kariakoo kwenye jua la saa sita, napigana vikumbo na wachukuzi wa magunia, na kila aliyenitukana nilimwona ana haki.

Nilidai bodi ni yangu kwa sababu ya kazi. Nilijiambia hivyo njia nzima: una umri huu, meza haina wateja, Mama anazeeka, ungefanyaje? Uongo. Injinia angeuliza nani kaandika lile bao, ningesema mimi, na ningekuwa nasema kweli, na huenda nafasi ingekuwepo vilevile. Sikusema kwa njaa. Nilisema kwa sababu aliulizia kitu kimoja tu kati ya vyote, na kitu hicho hakikuwa changu.

Ijumaa baada ya swala nilikwenda ofisini kwa Injinia Mlay. Nilisubiri kwenye benchi mpaka aliponiita. Nikaiweka Kete mezani kwake, nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Jina la Hansa, duka, bodi zangu tano, mfano wa bomba, sharti la mzee wake, Mwanza.

Alinisikiliza akiwa anafuta miwani.

"Niliuliza mara mbili," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Hiyo ya pili niliuliza kwa sababu niliona binti nyuma yako amenyanyua kichwa."

Akaniambia kwamba kabla ya soko huria, alipokuwa msichana, alichora bodi za redio kwenye kiwanda cha hapa nchini. Kiwanda kikauzwa, mashine zikapakiwa kwenye malori kama vyuma chakavu, yeye na wenzake wakapewa barua. Tangu hapo hajachora. Kazi yake sasa ni kukagua vitu vilivyochorwa na wengine, mbali huko. Ndiyo maana siku ile alifungua mgongo wa Kete. Alikuwa anatafuta kama bado kuna mtu anayechora hapa.

Nikamuomba aandike barua, mistari miwili tu, nimpelekee Mzee Kanti.

"Barua ya kuombwa? Mzee alisema bila kuombwa." Akafunga droo. "Kesho Jumamosi natoka saa saba. Nitakwenda mwenyewe. Siendi kwa sababu umeniomba. Ningekwenda hata ungenikataza. Wewe nionyeshe duka tu."

Na sasa shajara nikuambie jambo ambalo sikutaka kuliandika. Nilipofika mlangoni niligeuka nikamuuliza, "Na ile kazi ya Jumatatu, mama, bado ipo?"

Nilimuuliza. Baada ya yote hayo.

Akaivaa miwani yake. "Ipo. Tunaleta michezo ya mkononi kutoka nje, kontena liko bandarini. Tunahitaji mtu wa kuwasha kila mmoja, kuona kama unawaka, na kubandika lebo ya kampuni. Hakuna bodi ya kuchora hapa. Kubandika lebo hakuhitaji mkweli."

Kwa hiyo hicho ndicho nilichopata kwa kumuuza Hansa. Lebo.

Jana saa saba na nusu tulifika Kisutu. Duka lilikuwa na wateja wawili. Hansa alikuwa anapima waya kwenye ile mita ya mbao iliyopigiliwa kaunta, Mzee Kanti anahesabu swichi. Injinia akamsalimia mzee, kisha akatoa Kete kwenye mkoba wake, akaiweka juu ya kaunta ikiwa imefunguliwa mgongo. Hakujitambulisha hata.

"Hansa ni wewe? Kwa nini umeitenga njia ya spika?"

Hansa alinitazama. Kisha akautazama ule mgongo ulio wazi. Nilidhani atasema muulize huyo. Badala yake akaacha waya, akafuta mikono kwenye sketi, akaanza kueleza. Ghorofa ya tatu, bomba, upepo. Injinia akacheka kwa sauti, mama yule asiyetabasamu, akavuta stuli. Akauliza na hili je, mbona umelizungusha huku? Hansa akajibu. Hapa je? Hapa nilikosea, akasema Hansa, ningekuwa na bodi nyingine ningelileta huku. Na Injinia akasema, hapana, hujakosea, angalia.

Wateja wakaondoka. Mzee Kanti alikuwa ameshika boksi la swichi, hajaliweka chini.

Injinia akamgeukia. "Mzee, mimi ni injinia, nilichora bodi miaka mingi. Jumatano nilisifu kazi hii mbele ya watu, nikamsifu mtu asiyehusika. Nimekuja kumsifu mwenyewe. Binti yako ana mkono ambao sijauona siku nyingi. Sijaombwa."

Mzee Kanti akamwuliza Hansa kitu kwa Kigujarati, taratibu. Hansa akajibu kwa Kiswahili, ili wote tusikie.

"Ndiyo, baba. Mimi ndiye niliyechora."

Hapo ndipo mzee akanigeukia mimi. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango, nusu ndani, nusu barabarani.

"Nassoro, siku ile nilipomwambia maneno yale, wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, mzee."

"Uliyasikia?"

"Niliyasikia."

Akatikisa kichwa, si kwa hasira. Angenifokea ningejua pa kuuweka uso. Akaweka boksi chini, akaingia chumba cha nyuma, na tukasikia anasukuma maboksi. Akaanza kuyatoa mwenyewe moja moja, mzee mwenye mgongo mbovu, anayapanga kwenye korido. Nikakimbilia kumpokea.

"Acha," akasema.

Neno moja tu. Nikarudi mlangoni.

Walikaa pale zaidi ya saa nzima, Injinia na Hansa, vichwa vimeinama juu ya ile bodi, wananong'ona, wanachora kwenye karatasi ya kufungia balbu. Sikuwahi kuwa mgeni katika duka lile. Jana nilikuwa. Hata chai ilipoletwa, vikombe vilikuwa vitatu.

Injinia alipoondoka, Hansa alinifuata nje kwenye baraza. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu Alhamisi, na yote yakayeyuka. Nikasema tu, "Hansa, nisamehe."

"Nimesikia," akasema.

Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile, ukumbini. Angeweza kunikata palepale, na ningestahili.

"Niseme nini, Nassoro? Nikuite mwongo mbele ya watu? Wao wangeona nini? Fundi wa Kariakoo kasifiwa, na Mhindi kaja kumnyang'anya. Wangeniamini mimi? Nilisubiri useme wewe. Mpaka ngazi ya mwisho nilikuwa nasikiliza kama unaniita."

Sikumuita. Nilikuwa napeana mikono na meneja.

Akasema bao ni langu, nikae nalo, nilifanyie nitakalo. Bodi atakaa nayo yeye. Akasema hana mpango wa kunichukia, hana nafasi ya kazi hiyo, lakini nisije tena dukani kukwama. Nitafute mwingine wa kukwama naye. Kisha akasema:

"Ile michoro yangu iliyoko kwenye kompyuta yako, ifute. Sitakuja kukagua."

Akaingia ndani. Baba yake alikuwa anafagia chumba.

Leo tangu asubuhi nimekaa mbele ya hii kompyuta ya mtumba na mvua juu ya bati. Nimefungua michoro yote, toka wa kwanza. Ile mitano yangu, njia zimepindana kama utumbo wa kuku. Halafu wa kwake. Nimeukuza mpaka ukajaa kioo. Kila njia inajua inakokwenda. Nimeutazama kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kuutazama siku zile ulipokuwa wetu, na kwa mara ya kwanza nimeuona bila wivu, sasa ambapo haunihusu.

Shetani amekaa begani anasema weka nakala moja tu, nani atajua. Kwenye flashi. Kwenye barua pepe. Miaka miwili ya maisha yako hiyo, tangu siku ya lile wazo. Na ni kweli, hakuna atakayejua. Alisema mwenyewe hatakuja.

Nimemwambia Mama saa ile ya chakula. Kila kitu. Akaendelea kuchambua mchele, kisha akaniuliza kama majirani awaambie au nitawaambia mwenyewe. Nikasema nitawaambia mwenyewe. Akasema haya, anza na wale wa kwenye kompyuta.

Ndiyo nyinyi.

Michoro ya Hansa nimeifuta dakika chache kabla ya kuandika mstari huu. Kompyuta iliniuliza kama nina hakika, nikabonyeza ndiyo. Flashi nayo nimeisafisha. Sijisikii vizuri zaidi. Nilidhani ningejisikia.

Kesho saa mbili natakiwa kwenye ghala la kampuni, kontena limetoka bandarini. Nitakwenda. Nitawasha michezo ya watu mmoja mmoja na kubandika lebo, na sitarajii katika ghala lile kuwe na mtu wa kuniuliza nani amechora kitu chochote.